Tippu Tip alipokwenda fildi kwa baba yake

Najua wengi mko kafe na dakika zinahesabiwa, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Kila mwaka mitihani ya kidato cha nne ikiisha mwezi wa Novemba, Kariakoo inapata sura mpya. Pita Mtaa wa Kongo, pita Msimbazi, pita Narung'ombe, utawaona. Madogo wamekalishwa kwenye maduka ya wazazi wao wakisubiri matokeo. Wenyewe wanaita kwenda fildi. Mzee anaita kujifunza kazi. Ukweli ni kwamba unabeba marobota, unaagizwa chai, na mshahara ni nauli ya daladala.

Mimi nimepita huko, miaka kadhaa kabla soko kubwa halijaungua Julai 2021. Mzee wangu alikuwa na duka la vitenge na kanga. Funguo na daftari alikuwa nazo mtoto wa shangazi, mimi mtoto wa mwenye duka nikawa wa kutumwa. Wiki ya tatu nikasusa, nikamwambia mzee kama sishiki daftari basi bora nirudi kulala nyumbani. Alininyamazia siku mbili nzima, ya tatu akanipa funguo. Nilijiona mjanja sana. Baadaye nikaazima kitabu kimoja cha Kiswahili cha zamani, nikakuta kuna dogo wa Unguja alimfanyia baba yake mchezo ule ule zaidi ya miaka 150 iliyopita. Dogo huyo ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Leo nawapa maisha yake, maana shuleni tunamkuta akiwa tayari mtu mzima mwenye bunduki, hatuambiwi alianzaje.

Hamed alizaliwa Unguja karibu mwaka 1837. Kwao biashara ilikuwa ya ukoo. Babu yake, Juma bin Rajab, alikuwa akienda bara, na baba yake, Muhammed bin Juma, vile vile. Baba muda mwingi alikuwa Tabora, na huko alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Hiyo ilikuwa ndoa na pia mkataba wa biashara, kwa sababu misafara mingi iliyokuwa ikienda maziwani ilipita Unyanyembe.

Alipofika miaka 12 akaanza safari ndogo ndogo za pwani pamoja na kaka yake na wajomba zake. Bidhaa ilikuwa sandarusi, ile gundi ya miti ya kale inayochimbwa ardhini Mrima, iliyokuwa ikipelekwa Ulaya na Marekani kutengenezea vanishi. Kazi hiyo haikuwa na sifa wala hatari kubwa. Dogo alipewa mzigo mdogo unaolingana na umri wake, auze, anunue, arudi na hesabu.

Alipofika miaka 18, yaani katikati ya miaka ya 1850, baba akamchukua kwenda bara. Hapo ndipo fildi yenyewe ilipoanza. Kutoka pwani hadi Tabora ni miezi kwa miguu. Mali ni vitambaa na shanga, inabebwa vichwani na mabegani na mamia ya wapagazi. Wengi wa wapagazi wa njia ile walikuwa Wanyamwezi, watu wa kulipwa, waliojua kazi yao na bei yake. Wengine walikuwa watumwa.

Walipofika Tabora baba akaamua kubaki, mali iendelee mbele kuelekea Ujiji. Lakini akamkabidhi mtu mwingine mzigo, Hamed afuate tu. Dogo akakataa. Akamweleza baba yake wazi kwamba kama mali inashikwa na mwingine na yeye yupo, basi afadhali arudi pwani. Mzee akafikiri, akaona kijana ana hoja, akampa mali.

Ujiji wafanyabiashara walikuwa wamejaa na pembe zilikuwa ghali. Wakavuka Ziwa Tanganyika mpaka Urua, katika nchi ambayo leo ni Kongo. Huko wenzake wakang'ang'ania pembe kubwa, za kujivunia. Yeye mtaji wake ulikuwa mdogo, akanunua pembe ndogo ambazo wakubwa walizidharau. Walipofika sokoni Unguja, pembe ndogo ndizo zilizompa faida nzuri. Somo hilo mtu yeyote wa Kariakoo analielewa bila kufafanuliwa. Usinunue kinachokupa sifa, nunua kinachotoka.

Baada ya hapo hakukaa tena chini ya kivuli cha baba. Alianza kukopa mwenyewe kwa matajiri wa Kihindi wa pwani na Unguja, na baadaye Taria Topan, mmoja wa matajiri wakubwa wa Unguja wakati huo, akamdhamini safari kubwa. Mwaka 1867 akampiga Nsama, mtawala wa Itabwa, akachukua shehena kubwa ya pembe. Mwaka huo huo akakutana na Livingstone huko huko bara. Jina la Tippu Tip nalo lina hadithi mbili, wapo wanaosema ni mlio wa bunduki zake, wapo wanaosema ni macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Alipotoka na mali yake ya Nsama alitokea hapa hapa Dar es Salaam, wakati Sultani Majid bado anaijenga.

Sasa wadau, mpaka hapa ni hadithi tamu ya dogo mpambanaji. Naomba msifunge ukurasa, maana sehemu inayofuata inatuhusu watu wa Dar.

Katika safari mojawapo iliyofuata, wapagazi aliowachukua Uzaramo walimtoroka njiani na kuacha mizigo. Uzaramo ni hapa hapa, nchi inayouzunguka mji huu. Hamed akarudi na bunduki. Ndani ya siku chache akakamata watu wapatao 800, waliotoroka na ndugu zao pamoja na watu wengine waliokutwa tu vijijini, akawafunga minyororo na kuwabebesha mizigo. Wakambandika jina la chui, kwa sababu chui akiingia hachagui wa kumrarua. Mambo haya hayakusemwa na adui yake. Kayasimulia mwenyewe, kwa Kiswahili, katika maisha yake aliyoyaandika uzeeni kwa kuhimizwa na Mjerumani Heinrich Brode, yakachapwa mwanzoni mwa miaka ya 1900. Tena anayasimulia kwa utulivu, kama mtu anayesoma daftari la duka.

Hapo ndipo mimi niliposimama kusoma nikaweka kitabu chini kwanza.

Kwa sababu ukiangalia vizuri, yule dogo wa miaka 18 aliuliza swali moja tu kwa baba yake, nani anashika mali? Swali la pili hakuliuliza, nani anabeba, na kwa hali gani? Alijifunza bei, alijifunza njia, alijifunza kukopa na kulipa. Watu waliobeba aliwakuta tayari kwenye hesabu ya baba na babu, wengine wakiwa wapagazi wa mshahara, wengine wakiwa bidhaa. Akarithi daftari lote kama lilivyo, akalikuza mara mia.

Mengine mnayajua. Alijitengenezea himaya Kasongo na Manyema, mashariki ya Kongo. Mwaka 1876 alimsindikiza Stanley sehemu ya safari yake ya kuteremka mto. Mwaka 1887 akakubali kuwa gavana wa Stanley Falls chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, akapewa mshahara na bendera ya watu ambao baadaye waliifuta himaya yenyewe. Mwaka 1890 akaondoka Kongo kurudi pwani, na hakwenda tena.

Lakini alimwacha kule mwanawe, Sefu. Yaani naye alimkabidhi kijana wake mali, kama alivyokabidhiwa. Vita vya Waarabu na dola ya Leopold vikalipuka mwaka 1892, na mwaka 1893 Sefu akauawa. Baba alikuwa Unguja, tajiri wa mashamba ya karafuu, akiwa inatajwa na watumwa wapatao 10,000. Mwaka 1897 utumwa ukapigwa marufuku Unguja. Tippu Tip akafa Juni 1905 kwa malaria, nyumbani kwake Mji Mkongwe. Nyumba ile bado ipo, ukienda utaoneshwa.

Sasa rudini Kariakoo. Jina hili tunalitaja mara ishirini kwa siku bila kufikiri. Limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps, ambao walipiga kambi hapa baada ya Dar kutekwa mwaka 1916. Maelfu ya wapagazi wa vita vile walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Kwa hiyo soko kubwa kuliko yote nchini linaitwa kwa jina la watu wa kubeba, siyo la watu wa daftari.

Nirudi kwenye funguo zangu. Siku nilipokabidhiwa daftari nilikuta kila kitu kimeandikwa, kodi, umeme, chai, hata mfuko wa kamba. Kitu kimoja hakikuandikwa. Kulikuwa na mzee mmoja wa mkokoteni aliyetuletea marobota kutoka kwenye malori, alikuwa anadai trip nyingi za nyuma, na kila akija anaambiwa apite kesho. Mimi mwenyewe nilikuwa namwambia hivyo hivyo kabla sijapewa funguo, kwa sababu nilisikia wakubwa wanasema.

Silinganishi, jamani. Mzee yule hakufungwa mnyororo na duka letu halikuwa msafara wa mtu. Lakini deni lake lilikuwa juu yangu kuanzia dakika ile niliyoshika daftari. Nilikwenda kwa mzee wangu nikamweleza. Alikunja uso. Akasema mambo ya mtaji, mambo ya msimu. Mwisho akaniruhusu nimlipe kidogo kidogo, na nikaanza kumwandika. Matokeo yalipotoka nikaenda zangu shule, deni lilikuwa limebaki karibu nusu. Mtoto wa shangazi aliniambia lilimalizika. Yule mzee mwenyewe sikuwahi kumuuliza, na mpaka leo linanikereketa.

Kwa hiyo dogo uliyekalishwa dukani leo, dai funguo, ni haki yako. Usikubali kuwa mtoto wa mwenye mali anayetumwa chai maisha yote. Lakini siku ukipewa, usianze kwa kuhesabu pesa. Toka nje kwanza, muulize aliyebeba.

Haya, uwanja ni wenu. Waliopita fildi ya nyumbani tupeni habari zenu hapo chini, na kama kuna mjukuu wa mtu wa mkokoteni humu ndani, yeye aanze.