Frank Cole: Msomi aliyeipasua namba ya tarakimu 21 bila kutamka neno

MKULIMA wa Ugogo akiweka punje moja ya mtama katika kibuyu cha kwanza, mbili katika cha pili, nne katika cha tatu, na kuendelea kuongeza maradufu hadi kibuyu cha 67, jumla ya punje hizo itakuwa 147,573,952,589,676,412,927. Mavuno ya Dodoma na Singida, hata ya dunia nzima kwa mwaka, hayawezi kuifikia idadi hiyo.

Namba hiyo, ambayo ni mbili kwa kipeo cha 67 ukitoa moja, ndiyo iliyomletea umaarufu mwanahisabati wa Marekani, Frank Nelson Cole.

Cole alizaliwa Septemba 20, 1861 katika mji wa Ashland, jimbo la Massachusetts. Alisoma Chuo Kikuu cha Harvard, akaenda Leipzig nchini Ujerumani kujifunza kwa Profesa Felix Klein, na mwaka 1886 akatunukiwa shahada ya uzamivu na Harvard.

Alifundisha Harvard na Chuo Kikuu cha Michigan kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1895. Kuanzia mwaka 1896 hadi 1920 alikuwa Katibu wa Chama cha Hisabati cha Marekani.

Namba iliyomshughulisha ilikuwa na historia ndefu. Mwaka 1644, mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, alitoa orodha ya namba za aina hiyo alizodai kuwa ni tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Kipeo cha 67 kilikuwamo.

Kwa zaidi ya karne mbili dai hilo lilisimama. Mwaka 1876, Mfaransa mwingine, Edouard Lucas, alithibitisha kuwa namba hiyo si tasa. Hata hivyo, njia yake haikuonyesha vigawo vyake. Ilijulikana kuwa mlango upo, ila ufunguo ulikuwa haujapatikana.

Oktoba 31, 1903, katika mkutano wa chama hicho mjini New York, Cole alikwenda ubaoni akiwa kimya. Inasimuliwa kuwa alikokotoa kwa mkono mbili kwa kipeo cha 67, akatoa moja. Kisha, upande wa pili wa ubao, akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, tarakimu kwa tarakimu.

Majibu yalilingana. Alirudi kwenye kiti chake bila kutamka neno, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Inaelezwa kuwa kazi hiyo ilimchukua Jumapili za miaka mitatu.

Hakupapasa gizani. Kila kigawo tasa cha namba hiyo, kikigawanywa kwa 134, lazima kibakize moja. Kanuni hiyo ilimwondolea namba nyingi za kujaribu, ingawa zilizobaki bado zilikuwa nyingi mno kwa mtu mwenye kalamu na karatasi tu.

Mwaka 1920 alipostaafu ukatibu, wenzake walimchangia fedha za shukrani. Hakuzitumia. Alizirejesha chamani, zikawa msingi wa Tuzo ya Cole, ambayo hutolewa kwa watafiti wa aljebra na nadharia ya namba.

Cole alifariki dunia Mei 26, 1926, akiwa na umri wa miaka 64. Taarifa zilizotolewa baada ya kifo chake zilieleza kuwa alikuwa akiishi peke yake katika chumba cha kupanga eneo la Bronx, kwa jina la uongo la Edward Mitchell, akijitambulisha kuwa ni karani wa mahesabu.

Leo kompyuta ya kawaida huipasua namba yake kufumba na kufumbua. Lakini ugumu ule ule, katika namba zenye mamia ya tarakimu, umekuwa sehemu ya kinga ya siri za benki na malipo ya intaneti, Dodoma kama kwingineko.