Martin Kayamba, Karani wa Tanga

Tumezoea kuwagawa watu wa zama za ukoloni katika mafungu mawili, mashujaa na vibaraka. Marehemu Martin Kayamba Mdumi haingii barabara katika fungu lolote, na ndiyo sababu yafaa watumishi wa serikali wamjue.

Alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, katika ukoo wa Kibondei, akasoma Kiungani. Vita vya 1914 vilipozuka Wajerumani walimtia kizuizini, na hakuachiwa mpaka Tabora ilipotekwa mwaka 1916. Baadaye alifanya kazi chini ya Waingereza mjini Tanga, akapanda hadi kuwa karani mkuu wa ofisi ya wilaya.

Hapo Tanga, mwaka 1922, aliongoza kuundwa kwa chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika. Chama hicho hakikumwuliza mtu kabila wala dini. Mkristo aliyetoka shule za misheni na Mwislamu wa pwani walikaa baraza moja, wakasoma magazeti na kujadiliana. Haya yalitendeka kabla ya Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, kueneza utawala wa kupitia machifu, uliomfunga kila mtu katika kabila lake.

Mwaka 1931 Kayamba alikwenda London pamoja na Chifu Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamgira wa Bukoba, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Mpango huo haukupita. Aliporudi alipewa cheo katika makao makuu ya serikali, Dar es Salaam, ambacho Mwafrika hakuwahi kukifikia kabla yake. Alifariki mwaka 1939.

Hatusemi kwamba alidai uhuru, hakudai. Chama chake kilikuwa cha makarani. Mvuvi wa Tongoni na manamba wa mashamba ya mkonge hawakuwa na nafasi ndani yake. Kasoro hiyo ilingoja TANU, mwaka 1954, kuiondoa. Hata hivyo, desturi ya Waafrika kukutana bila kubaguana ilikwisha onekana Tanga miaka zaidi ya thelathini kabla.

Basi mtumishi anayemhudumia kwanza mtu wa kabila lake au wa dini yake, na kumwacha mvuvi akingoja mlangoni, ajue kwamba amerudi nyuma hata ya karani wa mkoloni.