Von Götzen, gavana ambaye jina lake lilifutwa kwenye MV Liemba

Meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, MV Liemba, ilianza maisha na jina la mtu ambaye hakuwahi kuiona.

Gustav Adolf von Götzen alizaliwa 1866 Silesia, jimbo la Prussia wakati huo. Mwishoni mwa 1893 alitoka Pangani na msafara wa wapagazi, akapita Rwanda na kuonana na mfalme Kigeli Rwabugiri, na mwaka uliofuata akatokea Atlantiki. Safari hiyo ndiyo iliyompa umaarufu. Mwaka 1901 akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Huku kwetu anakumbukwa zaidi kwa Maji Maji. Vita vilipozuka 1905, majeshi yake yalichoma vijiji, mashamba na maghala. Njaa iliua wengi kuliko risasi. Makadirio ya vifo ni kati ya 75,000 na 300,000. Aliondoka 1906, akafariki Hamburg 1910 akiwa na miaka 44.

Mwaka huohuo wa vita ndipo ujenzi wa reli kutoka Dar es Salaam ulipoanza. Reli ilifuata kwa karibu njia ya kale ya misafara ya Wanyamwezi, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ndiyo iliyobeba meli iliyoundwa Papenburg, ikiwa vipandevipande ndani ya masanduku yapatayo 5,000. Ikazinduliwa Februari 1915 kwa jina Graf von Götzen.

Julai 1916 Wajerumani waliizamisha karibu na mlango wa mto Malagarasi wasiiachie maadui. Lakini kwanza mafundi walizipaka injini grisi nzito, walitaraji kurudi. Hawakurudi. Waingereza waliiopoa 1924, wakakuta injini bado zinafaa, na 1927 meli ikarudi kazini ikiitwa Liemba, jina la zamani la ziwa lenyewe.

Je, injini hizo bado zimo? Hazimo, na kulitambua hilo hakuhitaji kusoma namba za kiwandani. Injini za Papenburg zilikuwa za mvuke, zenye boila la kuchemsha maji. Miaka ya 1970 ziling'olewa, zikafungwa za dizeli. Anayetafuta chuma cha tangu enzi ya Mjerumani autazame mwili wa meli.