Vittorio Sella, Mpiga Picha wa Ruwenzori

Jioni moja nilipanda kilima hapa Kakoba na kamera ya kuazima, nipate picha ya majabali jua linapotua. Nikalielekea jua lenyewe, na picha zikatoka nyeusi tititi. Ndipo nilipotafuta habari za Bwana Vittorio Sella, nami nataka kuwasimulia wenzangu, pamoja na ndugu zetu waliokwisha kumaliza shule.

Alizaliwa Biella, Italia, mwaka 1859. Baba yake aliandika kitabu juu ya upigaji picha, na ami yake, Quintino, alianzisha chama cha wapanda milima mwaka 1863. Basi kijana akarithi yote mawili. Kamera za siku zile hazikuwa za kutia mfukoni. Zilitumia vioo, na katika ujana wake Sella alibeba vioo vya sentimita 30 kwa 40 mpaka vileleni. Kioo kikivunjika njiani, kazi imepotea.

Mwaka 1906, akiwa na umri wa miaka 46, alikuja Uganda pamoja na Luigi Amedeo, Mtawala wa Abruzzi. Wapagazi wa Kikonjo walichukua mizigo kwa bonde la Mubuku, katika matope na mvua, hata Bujongolo, chini ya jabali lililoinama kama paa, kiasi cha mita 3,800 juu ya bahari. Tarehe 18 Juni Luigi alifika kilele cha Margherita. Lakini mimi naiona kazi ya Sella kuwa kubwa zaidi. Kilele hakiondoki, mwanga huondoka. Ruwenzori hujifunika mawingu karibu kutwa nzima. Mpiga picha hungoja kwenye baridi mpaka yapasuke. Jua likiwa chini, likimulika kutoka ubavuni, vivuli hurefuka na kila ufa wa jabali huonekana. (Hapo ndipo nilipokosea mimi.)

Chini ya picha hizo limeandikwa jina la Sella. La mpagazi aliyebeba vioo halipo, na hilo ni deni.

Alifariki Biella mwaka 1943. Tangu hapo barafu ya milima ya Emin na Gessi imekwisha kabisa, na ya Stanley imepungua mno. Wakonjo husema Kitasamba hukaa katika theluji ile. Anayetaka kuona leo ilivyokuwa juu ya Emin hana budi kutazama vioo vya Sella, navyo vimehifadhiwa Biella.