NAIRUZI NA MAALIMU AHMAD BIN MAJID

Katika darasa yetu twaulizwa mara kwa mara: Nairuzi ni siku gani, na jina lake lina maana gani? Tumeona bora kujibu kwa habari za mtu aliyeitumia Nairuzi baharini, naye ni Shihabuddin Ahmad bin Majid, ambaye hapa Malindi wengi humtaja kwa ubaya pasina kumjua.

Alizaliwa Julfar, upande wa Ras al-Khaimah ya leo, katika karne ya 15. Baba yake na babu yake walikuwa maalimu wa vyombo, wenye kuongoza safari kwa nyota, wakamrithisha ilimu hiyo. Naye hakutosheka na kupokea. Alipima mwenyewe, akasahihisha ya waliomtangulia. Mwaka 895 wa Hijra (1489-1490) akatimiza Kitab al-Fawaid, kitabu kikubwa cha ilimu ya bahari.

Humo siku za kung'oa nanga hazihesabiwi kwa miezi ya mwandamo. Na ni haki, kwani miezi yetu ya ibada huzunguka misimu yote, wala pepo hazingoji Ramadhani. Huhesabiwa kwa siku za Nairuzi. Neno hili ni la Kiajemi: nau ni mpya, ruz ni siku. Kwa Waajemi, Siku Mpya ni ile jua liingiapo buruji ya Hamali, usiku na mchana vikawa sawa, ndio mwanzo wa rabii. Na mwaka 1079 wanajimu wa Sultani Malik Shah, miongoni mwao Omar Khayyam, waliifunga hapo isisogee. Mabaharia hawakufuata. Mwaka wao ni siku 365 tu, basi Nairuzi yao hurudi nyuma siku moja kila miaka minne. Zama za Ibn Majid iliangukia Novemba, kaskazi ikianza. Leo ni Julai, kama ionekanavyo Makunduchi, Unguja. Wanaokwenda kuoga pwani wakidhani siku hiyo ina baraka yake pekee, na waitazame hisabu hii.

Ama ile tuhuma, asili yake ni Qutbuddin al-Nahrawali wa Makka, aliyeandika katika karne ya 16 kwamba Ibn Majid alileweshwa, kisha akawaonyesha Wareno njia ya Bara Hindi. Kumsingizia Mwislamu ulevi na khiana ni jambo zito, ndugu msomaji, na ushahidi hapa ni dhaifu. Barros na Castanheda, Wareno wenyewe, wamemtaja maalimu aliyetolewa Malindi kuwa ni Mgujarati. Vasco da Gama aliondoka tarehe 24 Aprili 1498, wiki sita baada ya usiku na mchana kulingana, kusi ikiingia. Majira hayo kila nahodha wa Malindi aliyajua.

Ibn Majid alikuwa mzee wakati huo, na habari zake hukatika karibu na mwaka 1500. Mwenyezi Mungu amrehemu.