Hayati Steven Kanumba: Kijana wa Shinyanga Aliyefahamika Hadi Kinama

Katika mitaa ya Kinama, kaskazini ya jiji la Bujumbura, Kiswahili na Kirundi hukutana katika kila baraza, na jina la hayati Steven Kanumba halikuhitaji kufafanuliwa. Miongoni mwa ndugu zetu wa jeshi na polisi wanaosoma ukurasa huu wamo waliokulia mitaa hiyo, na wamo waliorejea kutoka makambi ya wakimbizi ya Tanzania. Hao tunaamini wanakumbuka vibanda vya video, mabenchi ya mbao, na kelele zilizozuka pindi umeme ulipokatika. Kwao, na kwa wenzao ambao hawakumjua marehemu, leo twasimulia maisha yake.

Yafaa kusema kwanza kwamba Warundi hawakuwa wageni wa hadithi za mfululizo. Tangu mwaka 1997 Studio Ijambo ilikuwa ikitoa kwa redio mchezo wa Umubanyi niwe Muryango, ulioandikwa kwa Kirundi na Bibi Marie-Louise Sibazuri, juu ya familia za Wahutu na Watutsi waliokuwa majirani. Mchezo huo ulisikilizwa kwa shauku katika miaka ya vita. Lakini wasikilizaji walipata sauti tu. Sura, mavazi na machozi vilikuja baadaye kutoka Dar es Salaam, na vilikuja kwa Kiswahili.

Kanumba alizaliwa tarehe 8 Januari, 1984, mkoani Shinyanga, katika nchi ya Wasukuma. Alisoma shule ya msingi ya Bugoyi, na tangu utotoni alipenda kuigiza kanisani. Baadaye alihamia Dar es Salaam kuendelea na masomo, na elimu yake ya juu ya sekondari aliipata Jitegemee, shule inayomilikiwa na Jeshi la Kujenga Taifa. Hatudai kwamba shule ya jeshi ndiyo iliyomfanya mwigizaji. Twaitaja kwa sababu askari wanaotusoma watapenda kulijua jambo hilo.

Wakati huo televisheni ilikuwa jambo jipya Tanzania Bara, kwani kituo cha ITV kilianza mwaka 1994 tu. Kituo hicho kilionyesha michezo ya kuigiza ya mfululizo ya kikundi cha Kaole, na mnamo mwaka 2002 Kanumba alijiunga na kikundi hicho. Alionekana katika michezo ya Jahazi, Dira, Tufani, Gharika na mingineyo. Kila wiki familia zilikusanyika kutazama mambo yanayofanana na ya nyumbani mwao: urithi, wivu, mama mkwe, mume mlaghai. Kijana huyu mrefu, mtanashati na mwenye sauti ya upole, akawa kipenzi cha wengi.

Wengi wangetosheka na hapo. Yeye hakutosheka. Biashara ya filamu za video ilipoanza kushamiri, alitoka katika mfululizo wa televisheni akaingia humo, na wala hakukomea nyumbani. Nigeria ilikuwa imekwisha kuwa bingwa wa filamu za Afrika, naye akaamua kuwafuata mabingwa. Katika filamu ya Dar to Lagos alicheza pamoja na Mercy Johnson, na miaka michache baadaye, katika Devil Kingdom, alicheza na Ramsey Nouah. Hakuna mwigizaji wa Tanzania aliyekuwa ametafuta ushirika wa namna hiyo kwa juhudi kama zake.

Ujasiri huo haukukosa gharama. Mwaka 2009 alialikwa katika nyumba ya Big Brother Africa, huko Afrika Kusini, na aliporudi magazeti na watu wa mitaani walimcheka kwa Kiingereza chake. Sisi tunaona kicheko hicho kilikuwa cha aibu kwa waliocheka. Mtu aliyefanya watu wa Bujumbura, Kigali na Bukavu wakae saa mbili wakimsikiliza kwa lugha yake hakuwa na deni la lugha kwa yeyote. Hata hivyo hatuwezi kuficha kwamba filamu nyingi za wakati huo, zake zikiwamo, zilipigwa kwa haraka, na zilipewa majina ya Kiingereza huku maneno yake yakiwa ya Kiswahili. Ile tunayoipenda zaidi ni Uncle JJ, aliyocheza na watoto wadogo, kwa kuwa humo alithubutu kuchekesha.

Lipo pia jambo linalotuhusu sisi watazamaji. Nakala nyingi zilizozunguka mitaani, Kinama na kwingineko, zilikuwa za kurudufiwa bila idhini. Tulimpa marehemu sifa nyingi. Fedha yake ilibaki kwa mwenye mashine ya kurudufia. Polisi waliowahi kupita masoko yetu walikuwa wakiyaona mafungu hayo mezani, na pengine jioni walikuwa wakitazama filamu zilizomo.

Usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili, 2012, nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam, palitokea ugomvi baina yake na mwigizaji mwenzake wa kike. Alianguka, akapoteza maisha. Alikuwa na umri wa miaka 28. Mnamo tarehe 10 Aprili maelfu kwa maelfu walifurika viwanja vya Leaders. Wengi walizimia, hata ikabidi kuusitisha utaratibu wa kupita mbele ya jeneza, na walinzi wa usalama wakawa na kazi ngumu ya kuwatoa waliozidiwa. Makamu wa Rais, Dakta Mohamed Gharib Bilal, alikuwapo. Kisha marehemu akazikwa katika makaburi ya Kinondoni.

Shauri halikumalizika upesi. Polisi wanaojua ugumu wa kesi ambayo ndani ya chumba walikuwamo watu wawili tu, na mmoja wao amekufa, hawatashangaa kwamba ilipita miaka mitano na zaidi. Novemba 2017 Mahakama Kuu iliamua kwamba lilikuwa kosa la kuua bila kukusudia, ikatoa adhabu ya kifungo cha miaka miwili. Katika muda huo filamu alizokuwa amezimaliza kabla ya kifo chake zilikuwa zimekwisha kutoka, na watu wakazinunua.