Walter Tull: kutoka kituo cha yatima hadi Tottenham na vitani

Victor Wanyama alipojiunga na Tottenham Hotspur mwaka 2016, sisi Waafrika Mashariki tunaoishi London tulifurahi kama vile tumesajiliwa wote. Alikuwa tayari Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Ni wachache waliokumbuka kwamba miaka 107 kabla yake klabu hiyohiyo ilimsajili kijana mweusi aliyekulia katika kituo cha yatima mashariki mwa London. Jina lake ni Walter Tull.

Tull hakuwa mtu mweusi wa kwanza kulipwa kwa kucheza kandanda nchini Uingereza. Kabla yake kulikuwa na Arthur Wharton, kipa mzaliwa wa Accra, aliyeanza kucheza kwa malipo mwaka 1889. Lakini maisha ya Tull yanaeleza kwa uwazi zaidi jinsi mtu mweusi alivyoweza kupokelewa, kuwekwa kando, na kisha kuhitajiwa tena, yote katika miaka michache.

Yatima wa Bethnal Green

Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1888 katika mji wa Folkestone, jimbo la Kent. Baba yake, Daniel, alikuwa seremala kutoka Barbados, na wazazi wa Daniel walikuwa wamezaliwa utumwani. Mama yake, Alice, alikuwa Mwingereza wa hapohapo Kent.

Mama alifariki mwaka 1895. Baba alioa tena, lakini naye akafariki mwaka 1897. Mama wa kambo alibaki na watoto wengi kuliko uwezo wake. Mwaka uliofuata, Walter na kaka yake Edward walipelekwa katika kituo cha yatima cha kanisa la Methodist huko Bethnal Green.

Ndugu hao hawakukaa pamoja kwa muda mrefu. Edward alichukuliwa na familia moja ya Glasgow, akasoma, akawa daktari wa meno. Walter alibaki London, akafundishwa kazi ya uchapaji na kucheza mpira katika timu ya kituo.

Paundi 4 kwa wiki

Wakati huo soka ya kulipwa ilikuwa bado changa. Chama cha soka cha England kiliruhusu wachezaji kulipwa mwaka 1885 tu, baada ya mabishano makali, kwa kuwa mabwana waliokiongoza waliona ni aibu kucheza kwa ajili ya fedha. Ligi ilianzishwa mwaka 1888, mwaka aliozaliwa Tull. Kuanzia mwaka 1901 mshahara uliwekewa kikomo cha paundi 4 kwa wiki, na hakuna klabu iliyoruhusiwa kulipa zaidi. Hata hivyo, kwa kijana wa kazi za mikono fedha hizo zilikuwa nyingi.

Tull alianza na Clapton, klabu ya wachezaji wa ridhaa. Katika msimu wa 1908/09 timu hiyo ilitwaa Kombe la Ridhaa la England, naye akaonekana. Tottenham, waliokuwa wamepanda daraja la kwanza kwa mara ya kwanza katika historia yao, walimchukua katika ziara ya Argentina na Uruguay, kisha wakamsajili Julai 1909. Alipewa paundi 10 za kutia saini, kiwango cha juu kilichoruhusiwa.

Mwezi Septemba alicheza dhidi ya Manchester United katika uwanja wa White Hart Lane, mbele ya watu zaidi ya 30,000. Alikuwa mshambuliaji mwenye miguu mizuri na akili ya kutulia, asiyekimbia ovyo. Magazeti yalimsifu, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa amefunga bao lake la kwanza la ligi, dhidi ya Bradford City.

Siku ya Bristol

Mwezi Oktoba Tottenham walikwenda kucheza na Bristol City. Sehemu ya watazamaji wa huko walimtukana Tull kwa rangi yake. Mwandishi mmoja wa gazeti la michezo aliwakemea waziwazi, akaandika kwamba Tull alicheza kwa usafi na ndiye aliyekuwa mshambuliaji bora uwanjani siku hiyo.

Ni taarifa ya mwaka 1909, lakini sisi tunaofuatilia soka ya Ulaya hatuwezi kuisoma kama jambo la kale. Kelele za namna hiyo zingali zinasikika viwanjani.

Muda mfupi baada ya hapo Tull aliondolewa katika timu ya kwanza na kupelekwa kikosi cha akiba. Wanahistoria wengi wanaunganisha mambo hayo mawili. Kwa miaka miwili alicheza mechi 10 tu za ligi na kufunga mabao 2.

Aliyemtoa huko ni Herbert Chapman, ambaye wakati huo alikuwa kocha wa Northampton Town na baadaye angezipatia Huddersfield na Arsenal ubingwa wa England. Chapman alimsajili Oktoba 1911, akamrudisha nyuma acheze kiungo. Tull aliichezea Northampton mechi zaidi ya 100. Mguu ulikuwa uleule na rangi ileile. Kilichobadilika ni kocha.

Luteni Usu Tull

Vita vikuu vya kwanza vilipozuka mwaka 1914, Tull alijiandikisha mwezi Desemba katika kikosi cha wanasoka cha kikosi kikubwa cha Middlesex. Alipanda hadi cheo cha sajini. Alipigana katika mahandaki ya Ufaransa, ikiwemo Somme mwaka 1916, na akarudishwa nyumbani akiwa mgonjwa.

Kanuni za jeshi la Uingereza zilizuia watu wasio wa asili ya Ulaya kushika amri wakiwa maafisa. Hata hivyo wakubwa wake walimpendekeza, akapelekwa mafunzoni Scotland, na tarehe 30 Mei 1917 akawa luteni usu. Alikuwa mmoja wa maafisa weusi wa kwanza kuongoza askari wazungu vitani katika jeshi hilo.

Huko Italia aliongoza askari 26 kuvuka mto Piave usiku, chini ya risasi, na akawarudisha wote salama. Jenerali wake alimtaja kwa ushujaa. Tarehe 25 Machi 1918 aliuawa karibu na Favreuil, kaskazini mwa Ufaransa, akiwa na miaka 29. Askari wake walijaribu kuuchukua mwili wake wakashindwa. Haukupatikana tena.

Kamanda wake alimwandikia Edward kwamba Walter alikuwa amependekezwa kupewa nishani ya Military Cross. Haikutolewa. Mwaka 2018, miaka 100 baada ya kifo chake, wabunge wengi wakiongozwa na David Lammy wa Tottenham waliiomba serikali itoe nishani hiyo. Kikwazo kimoja ni kwamba enzi hizo haikuwa ikitolewa kwa mtu aliyekwisha kufa.

Majina yasiyoandikwa

Jina la Tull lilikaa gizani kwa miongo mingi, hadi watafiti walipolifukua. Mwaka 1999 Northampton walimjengea ukumbusho uwanjani kwao. Jina lake limechongwa pia huko Arras, Ufaransa, pamoja na wenzake ambao makaburi yao hayajulikani.

Katika vita hivyohivyo, kwetu Afrika Mashariki, wapagazi walibeba mizigo ya jeshi la Uingereza na makumi ya maelfu walikufa kwa maradhi na njaa. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo lililozaa Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariakor ya Nairobi. Wengi wao hawakuandikwa majina popote, na mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri hivyo na kuomba radhi.

Tull aliandikwa na jeshi, na magazeti, na klabu zake, ndiyo maana aliweza kupatikana tena. Wa kwetu watapatikana tu kwa kinywa cha wazee waliobaki na wanaokumbuka babu yao alikwenda wapi na hakurudi. Wenye wazee hao nyumbani wawaulize sasa, na waandike.